Ulimi wa Kupachika: Kugeuza Mwelekeo katika Sakafu ya Mbao, na Maneno Yanayohusu Kazi Hiyo

1. Neno na kitu

Neno sakafu limesafiri safari ndefu kabla ya kufika kwa mafundi wa mbao. Katika Kiarabu, saqf ni paa au dari. Katika nyumba za mawe za pwani ya Afrika ya Mashariki neno hilo lilikuwa jina la tabaka ya chokaa na kokoto iliyotandazwa juu ya maboriti ya mikoko, ikapondwa kwa siku nyingi hata ikashikana. Tabaka hiyo kwa mtu aliye chini ni dari, na kwa mtu aliye juu ni mahali pa kusimama. Basi si ajabu kwamba jina lilishuka pamoja na mtazamaji. Leo kila uso wa chini unaokanyagwa ndani ya nyumba huitwa sakafu, uwe wa saruji, wa vigae au wa mbao.

Lakini sakafu ya mbao ina kanuni zake, na maneno ya sakafu ya chokaa hayatoshi kuieleza. Chokaa haina mwelekeo. Mwenye kuiponda aweza kuanza pembe yoyote ya chumba na kumaliza pembe yoyote. Mbao zina vichwa na mbavu, zina nyuzi, na zikiunganishwa kwa ulimi zina upande wa kuanzia na upande wa kumalizia. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jambo moja katika kazi hiyo ambalo huwashinda wengi, nalo ni namna fundi anavyogeuza mwelekeo wa kazi katikati ya sakafu bila ya kuacha kovu. Baada ya maelezo hayo yatazamwa maneno yanayofaa kutumiwa. Kwa kuwa jina baya la chombo, kama itakavyoonekana, laweza kuharibu kazi njema.

2. Umbo la ubao wa sakafu

Sakafu ya mbao ngumu inayozungumzwa hapa ni ile iliyoenea sana katika nyumba za Marekani na Kanada tangu mwishoni mwa karne ya 19, mashine zilipoweza kuchonga kingo zote mbili za ubao kwa kipimo kimoja. Ubao wake wa kawaida ni wa mwaloni, una unene wa inchi ¾ (karibu milimita 19) na upana wa inchi 2¼ (karibu milimita 57). Urefu hutofautiana.

Ubavu mmoja wa ubao huo umechongwa ukaachwa mwinuko mwembamba unaotokeza katikati ya unene, tangu kichwa hata kichwa. Mwinuko huo ni ulimi. Ubavu wa pili umechimbwa mfereji mwembamba wa kupokea ulimi wa ubao wa jirani. Mfereji huo utaitwa hapa mfuo. Vichwa vya ubao hali kadhalika: kimoja kina ulimi, cha pili kina mfuo. Kingo mbili nyembamba zilizobaki juu na chini ya mfuo zitaitwa midomo yake. Mdomo wa juu ndio unaoonekana na kukanyagwa. Mdomo wa chini hulala juu ya sakafu ya chini, yaani mbao za kawaida au bamba za mbao zilizogandishwa ambazo hupigiliwa kwanza juu ya maboriti.

Faida ya ulimi na mfuo ni mbili. Ya kwanza, mbao mbili zilizoshikana hivyo hubebana: mtu akikanyaga ukingo wa mmoja, wa pili hauachi ushuke peke yake, na uso wa sakafu hubaki sawa. Ya pili ni kuficha misumari. Fundi hapigi msumari usoni; huuelekeza kwa pembe ya digrii 45 pale ulimi unapokutana na mwili wa ubao, ukapita mpaka sakafu ya chini. Ubao unaofuata huvishwa juu ya ulimi huo, na mfuo wake ukafunika kichwa cha msumari. Misumari hupangwa kila baada ya inchi 8 hadi 10, na mmoja karibu na kila kichwa cha ubao.

3. Kwa nini kazi huenda upande mmoja

Katika maelezo hayo mafupi imo kanuni kubwa ya kazi yote. Madhali msumari hupita kwenye ulimi, ubao hauwezi kufungwa ila upande wa ulimi wake. Na madhali ubao unaofuata huja juu ya ulimi, safu za mbao haziwezi kuongezeka ila kwa kuufuata ulimi. Safu ya kwanza huwekwa mfuo ukielekea ukutani na ulimi ukielekea chumbani. Kuanzia hapo fundi husonga mbele tu, kama mshonaji wa mkeka anayeongeza ukili baada ya ukili.

Katika chumba kimoja cha pembe nne kanuni hii haileti taabu. Taabu huanza katika nyumba nzima. Mathalani nyumba yenye ushoroba katikati, na vyumba kulia na kushoto. Fundi mwenye busara hutafuta mstari mrefu kuliko yote uliomo ndani ya nyumba, ambao aghalabu ni ule wa ushoroba, akautumia kuwa msingi wa safu zote. Kwa kuwa kosa dogo katika mstari mfupi hukua likiendelezwa, bali mstari mrefu hulidhihirisha mapema. Anapotandika safu kuelekea vyumba vya kulia, ndimi zinamtangulia na kazi inakwenda. Anaporudi kwenye safu yake ya kwanza ili aelekee kushoto, anakuta ubavu wenye mfuo. Hapana ulimi wa kupigilia msumari, wala hapana kitu cha kuvishwa ubao unaofuata.

Njia za mkato ziko, na kila moja ina adhabu yake. Fundi aweza kuanza upya kwenye ukuta wa mwisho wa chumba cha kushoto na kurudi nyuma mpaka mlangoni. Hapo sakafu mbili zilizotandikwa kwa mistari miwili zitakutana, na ni nadra mistari hiyo kulingana. Atalazimika kufunika maungano kwa kipande cha mbao kilichoinuka juu ya kizingiti, na kila apitaye atakijua kwa kidole cha mguu. Aweza pia kuweka mfuo kwa mfuo na kupigilia misumari usoni. Hapo mbao mbili zitakuwa jirani bila ya kushikana. Mtu akikanyaga ukingo wa mmoja, huo hushuka peke yake na kulia. Na mdomo wa juu wa mfuo, ambao chini yake pana uwazi, siku moja hupasuka. Tena aweza kupigilia msumari katika mdomo wa chini wa mfuo. Mdomo huo ni mwembamba, haustahimili pigo, na ukipasuka ubao umekwisha kupoteza ushiko wake kabla sakafu haijakanyagwa.

4. Ulimi usio wa ubao wowote

Dawa ya shida hii ni kipande chembamba cha mti mgumu, kirefu na bapa, kinachotiwa katika mfuo mtupu kikajaza kina chake, na nusu yake ya pili ikabaki nje. Papo hapo mfuo umegeuka kuwa ulimi. Ubao unaofuata huvishwa juu yake kwa mfuo wake wenyewe, na ulimi wake wa asili ukaelekea upande mpya. Kuanzia hapo kazi huendelea kama kawaida, ila sasa huenda kinyume cha ilikotoka. Kipande hicho ndicho kinachoitwa katika makala haya ulimi wa kupachika.

Kwa mbao za unene wa inchi ¾, ulimi wa kupachika una unene wa karibu inchi ¼, na upana wake haupasi kuzidi jumla ya vina vya mifuo miwili inayoupokea. Ukizidi hata kidogo, mbao hazitakutana juu, na fundi atapiga nyundo akidhani ubao umepinda, kumbe unakataa kwa sababu ya haki. Ukipungua kidogo si neno, maana nafasi ndogo ndani ya mfuo hupokea gundi iliyozidi.

Ufundi huu si mpya, wala haukuanza katika nyumba za kuishi. Katika viwanda vya nguo vya New England, Marekani, katika karne ya 19, sakafu zilijengwa kwa mbao nene za inchi 3 au zaidi zilizolazwa juu ya mihimili mikubwa. Mbao hizo zilichimbwa mifuo pande zote mbili, zikaunganishwa kwa ndimi za kupachika kila maungano. Sababu ilikuwa moto. Edward Atkinson (1827–1905), aliyeongoza shirika la bima ya viwanda huko Boston, alihimiza sana ujenzi wa namna hiyo: mti mnene usio na uwazi ndani huungua polepole, na maungano yaliyozibwa kwa ulimi hayapitishi upesi moto, vumbi wala maji kutoka ghorofa hata ghorofa. Tena palikuwa na hesabu ya mti. Kuchonga ulimi katika mwili wa ubao ni kupunguza upana wa ubao wenyewe, ilhali ulimi wa kupachika hutengenezwa kwa masalio. Kwa hiyo kile ambacho leo hutumiwa mahali pa kugeukia tu, zamani kilikuwa kiungo cha sakafu nzima.

5. Taratibu ya kazi

Kwanza ni mstari. Fundi huvuta uzi wa chaki kwa urefu wote wa ushoroba, akaupima kwa kuta zote mbili na kwa milango ya vyumba vitakavyofuata. Safu ya kwanza ndiyo itakayobeba pande zote mbili za sakafu. Ikiwa na upinde, upinde huo utarithiwa kulia na kushoto pamoja.

Pili ni kuizuia safu hiyo isisogee. Kila ubao mpya unaogongwa kwa nyundo ili ushikane na mwenziwe huisukuma nyuma safu ya kwanza, na nyuma yake hapana ukuta wa kuiegemeza. Kwa hiyo ubao ulionyoka hufungwa kwa skurubu juu ya mstari wa chaki, nyuma ya mfuo wa safu ya kwanza, uwe kizuizi. Safu tatu au nne za mwanzo zikiisha kupigiliwa na kutulia, kizuizi hung'olewa, na mfuo unabaki wazi kungojea ulimi wake.

Tatu, mfuo husafishwa. Chembe moja ya vumbi la msumeno ndani ya mfuo yatosha kuuzuia ulimi usifike kina chake. Ulimi hujaribiwa mkavu kabla ya kutiwa gundi: wapasa kuingia kwa kugongwa taratibu, usiingie kwa kulegea wala kwa kulazimishwa. Wenye kulegea utaacha maungano yacheze. Wenye kulazimishwa utafungua midomo ya mfuo na kuinua ukingo wa ubao.

Nne ni gundi. Hupakwa nyembamba ndani ya mfuo wa safu ya kwanza kwa urefu wote, na ulimi hugongwa ndani kwa nyundo, kipande cha mti kikiwekwa katikati ili ukingo usipondeke. Vipande vya ulimi hupangwa hivi kwamba mwisho wa kipande usiangukie pale mbao mbili zinapokutana vichwa. Kipande kimoja kikivuka maungano hayo, huzishika mbao zote mbili kwa pamoja. Hakuna sehemu ya mfuo inayoachwa bila ya ulimi. Wako wanaotia vipande vifupi hapa na pale ili kuokoa mti. Hao huacha mapengo yasiyoonekana, na sakafu huyasema baadaye.

Tano, ulimi uliokwisha kukaa hupigiliwa misumari kwa pembe ileile ya digrii 45 kama kwamba ulizaliwa na ubao. Ndipo ubao wa kwanza wa upande mpya huvishwa juu yake. Upande huu wa pili hautiwi gundi, ili ubao mpya uwe na uhuru uleule mdogo walio nao wenziwe. Fundi naye hugeuka pamoja na kazi: ubao uliozungushwa nusu duara hugeuza mbavu zake na vichwa vyake kwa pamoja, basi akiisha kugeuka na kuuelekea upande mpya, mkono wake wa kulia na wa kushoto hukuta vichwa kama alivyovizoea. Asiyegeuka ndiye atakayeona kila kitu kimekwenda kombo.

Sita, mstari hupimwa tena baada ya safu ya kwanza ya upande mpya, kabla ya kuendelea. Kosa likionekana hapo, dawa yake ni safu moja. Likionekana ukutani, dawa yake ni chumba kizima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

6. Mti unaopumua

Yaweza kuulizwa kama jambo hili lote si anasa ya jicho. Jibu limo katika tabia ya mti. Mti haukomi kuvuta na kutoa unyevu wa hewa hata baada ya kukatwa, kupasuliwa, kukaushwa na kupakwa rangi. Ukivuta unyevu hupanuka, ukiutoa husinyaa. Lakini haupanuki sawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi badiliko ni dogo hata halihesabiwi katika sakafu. Kwa upana ndiko mti unakofanya kazi.

Mwaloni mwekundu wa Marekani, uliopasuliwa kwa namna ya kawaida, hubadilika upana kwa karibu sehemu 0.0037 kwa kila badiliko la asilimia 1 katika unyevu wake. Ubao wa milimita 57, unyevu wake ukipanda kwa asilimia 4, hupanuka kwa karibu milimita 0.8. Ni kidogo. Lakini sakafu ya upana wa mita 6 ina mbao 105 za kadiri hiyo, na jumla ya vidogo hivyo, mbao zikiwa huru, hufika karibu milimita 89. Kwa kweli mbao haziko huru: kila moja imeshikwa na misumari yake, na mti huminywa kidogo ndani ya nafsi yake. Hata hivyo nguvu hiyo haipotei. Husukuma, na husukuma kuelekea upande ambao ulimi unaelekea, kwa sababu upande wa mfuo umezuiwa na ubao wa nyuma. Ndiyo maana huachwa nafasi ya karibu inchi ¾ kando ya kuta, nayo hufichwa chini ya ubao wa pembeni mwa ukuta. Ndiyo maana vilevile mbao nyembamba hazitandikwi mpaka tofauti kati ya unyevu wake na wa sakafu ya chini isizidi asilimia 4, na zenye upana wa inchi 3 au zaidi isizidi asilimia 2.

Hapa ulimi wa kupachika huonyesha manufaa yake ya pili. Chumba kikiwa na upana wa futi 20 (karibu mita 6) au zaidi, mafundi wa Marekani hushauriwa wasianze ukutani, bali katikati, wakaenda pande mbili kwa ulimi wa kupachika. Hapo msukumo wa mbao hugawanyika: zile milimita 89 za hesabu, badala ya kulemea ukuta mmoja, huwa kama 44 na nusu kila upande, na mstari wa katikati hukaa mahali pake. Sakafu iliyoanzwa ukutani katika chumba kipana kama hicho, msimu wa unyevu ukija, hukosa pa kwenda. Mbao zake huinama kama vigae vya paa vilivyopinduliwa, kingo juu na matumbo chini, au huinuka pamoja na misumari yake. Basi kugeuza mwelekeo si kupendeza jicho tu. Ni kuamua mapema mti utapumulia wapi.

Yafaa kulinganisha na kazi ya waunda vyombo vya baharini. Jahazi limejengwa kwa mbao zilizokaribiana ukingo kwa ukingo bila ya ndimi, na maungano yake hutiwa kalafati. Mti ukivimba majini, chombo hujikaza na hakiingizi maji; kule kuvimba ndiko kunakotakiwa. Mtepe wa zamani ulikuwa na mbao zilizounganishwa kwa vijiti vilivyofichwa ndani ya kingo, kisha zikashonwa kwa kamba za makumbi. Kijiti hicho ni ndugu wa mbali wa ulimi wa kupachika, kwa kuwa nacho si cha ubao huu wala ule, bali ni cha maungano. Sakafu ni kinyume cha chombo: inaogopa kile ambacho jahazi linakitaka. Lakini ujuzi wa asili ni mmoja, yaani kujua mti utakwenda wapi kabla haujakwenda.

7. Mahali pengine pa kugeukia

Ushoroba na chumba kipana si mahali pekee pa kutumia ulimi huu. Pengine ubao hulazwa ukivuka vichwa vya mbao nyingine, kwa mfano mbele ya meko au kuzunguka chumba kuwa fremu. Vichwa vya mbao vilivyokatwa kwa msumeno hupoteza ndimi na mifuo yake. Fundi huchimba mfuo mpya kwa mashine katika vichwa hivyo, akapachika ulimi, na fremu ikashikana na kile inachokizunguka. Vilevile katika sakafu ya mtindo wa mifupa ya samaki, mistari miwili inapotakiwa kutoka katikati kwenda pande mbili, mbao za katikati hukutana mfuo kwa mfuo na kuhitaji ulimi wa nje.

Hauhitajiki katika kila sakafu. Chumba kimoja chembamba hakiuhitaji. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haikuruhusu zaidi ya takribani mita 3; anayetandika mbao katika chumba cha namna hiyo ataanza ukutani na kumaliza ukutani, na haja ya kugeuka itatokea tu endapo mlango unampeleka nyuma ya mstari wake wa kwanza.

8. Maneno

Inabaki shida ya kuvitaja vitu hivi kwa Kiswahili. Ulimi hauna ubishi: lugha imekwisha kuupa kila kitu chembamba kinachotokeza, tangu ulimi wa moto hata ulimi wa kengele, na seremala anaposema ulimi husikiwa bila ya kufafanuliwa. Kuhusu mahali pa kuupokea, maneno matatu yaweza kufikiriwa. Mfereji ni sahihi kwa umbo, lakini husikika kwanza kuwa njia ya maji. Mfumbi nao ni wa maji. Mfuo, ambalo ni alama au mstari uliochimbika juu ya uso wa kitu, lina wembamba unaotakiwa na halileti maji ndani ya nyumba. Kwa hiyo limependelewa hapa.

Shida kubwa ni kile kipande chenyewe. Maneno yaliyo karibu na mkono ni kabari na hasho, na yote mawili yapasa kukataliwa, si kwa usafi wa lugha, bali kwa usalama wa kazi. Kabari ni kitu cha kutenganisha au kukaza kwa nguvu: upande mmoja mwembamba, upande mwingine mnene, na kazi yake ni kupigwa mpaka kitu kingine kiachane au kikaze. Mwanafunzi anayeambiwa atie kabari katika mfuo atafanya lile ambalo neno limemfundisha: atapiga mpaka midomo ya mfuo ifunguke. Hasho ni kiraka cha mti kinachotiwa mahali palipooza au palipotoboka, mathalani katika ubao wa chombo. Anayeambiwa atie hasho atatafuta kasoro ya kuziba, na akiona mfuo mzima ataona hapana haja, au atatia vipande vifupi hapa na pale kama mtia viraka. Makosa yote mawili yaliyotajwa katika taratibu ya kazi, yaani kulazimisha na kuacha mapengo, yamo tayari ndani ya majina hayo.

Basi jina lapasa kusema ulimi, kwa kuwa ndiyo kazi ya kitu. Na lapasa kusema kwamba ulimi huo umeletwa kutoka nje ya ubao. Kuchomeka na kupachika vyote vyaelekea maana hiyo. Lakini kinachochomekwa, kama kisu kiunoni, huchomolewa; nacho hukaa kwa kushikwa na kitu kingine. Kinachopachikwa hutiwa mahali palipoandaliwa kwa ajili yake, kikakaa. Kwa sababu hiyo ulimi wa kupachika ni bora kuliko ulimi wa kuchomeka, na ni bora pia kuliko ulimi huru, ambao ungemfanya msikiaji adhani kitu hicho huachwa kicheze. Jina ni refu kidogo, lakini fundi akiwa kazini atasema ulimi tu, na muktadha utamwambia mwenziwe ni ulimi upi.

9. Miti ya Afrika ya Mashariki

Mifano ya hapo juu ni ya mwaloni kwa kuwa ndiko ufundi huu ulikokuzwa. Lakini kanuni hazibagui mti, na miti ya Afrika ya Mashariki ina nafasi njema katika kazi hii. Kutoka mti mbichi hata mti mkavu kabisa, mwaloni mwekundu husinyaa kwa upana, ukifuata duara za mti, karibu asilimia 8.6, msaji husinyaa karibu asilimia 5.8, na mvule karibu asilimia 3.8. Maana yake ni kwamba sakafu ya msaji kutoka mashamba ya Longuza au Mtibwa, au ya mvule, ina msukumo mdogo kuliko ya mwaloni iliyotandikwa kwa uangalifu uleule. Muhugu, mti mgumu usiolika upesi kwa nyayo, umekuwa ukitumiwa kwa sakafu za vipande vidogo, na biashara ya mbao ya dunia huujua kwa jina la muhuhu. Mninga nao huuzwa huko ng'ambo kwa jina la muninga. Kwa hiyo miti imekwisha kusafiri na majina yake. Ni haki kwamba ufundi wa kuitandika nao uje na majina yanayoeleweka nyumbani.

Tahadhari moja yafaa kutajwa. Hewa yenye joto la sentigredi 27 na unyevu wa asilimia 75, kama ilivyo pwani kwa siku nyingi, huuacha mti ukiwa na unyevu wa karibu asilimia 14. Sehemu nyingi za Marekani mbao za sakafu hukaushwa mpaka asilimia 6 hadi 9. Mbao zilizokaushwa kwa kipimo hicho zikifunguliwa Mombasa au Tanga na kutandikwa siku ileile, zitavimba zikiwa tayari zimefungwa. Zapasa kuachwa kwanza ndani ya nyumba zilimotiwa, zikizoea hewa yake, na kupimwa kabla ya msumari wa kwanza.

Sakafu iliyogeuzwa vema haionyeshi mahali ilipogeukia. Mtu aweza kutembea kutoka chumba cha kulia, akavuka ushoroba na kuingia chumba cha kushoto, asijue kwamba chini ya mguu wake mbao zilibadili uso. Ulimi wa kupachika hauonekani tena baada ya siku uliyotiwa. Na kwa kuwa hauonekani, mwenye nyumba hana njia ya kuukagua ila kwa kumwuliza fundi, wala fundi hana njia ya kumwagiza mwanafunzi wake ila kwa neno. Kwa ajili hiyo neno hilo lastahili kuchaguliwa kwa uangalifu uleule unaotumika kuchagua mti.